Talaka Isiyo na Karatasi

Siku Zaki alipomwacha mkewe, wali ulikuwa umeshapakuliwa na hakuna aliyeula. Tena ilikuwa siku ya furaha, na hilo ndilo linaloudhi. Asubuhi ile alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia jeshini, akarudi nyumbani Mansfield, Texas, kifua mbele, keki mkononi, anaimba peke yake ndani ya gari. Ilipofika saa ya chakula cha usiku, keki ilikuwa bado ndani ya boksi lake na mke yuko chumbani anapanga nguo kwenye sanduku.

Zaki hakuwa mtu mkorofi. Nalisema hili mapema, maana wapo watakaosikia neno talaka wakaanza kumkunjia uso. Kwao Mombasa alikuwa fundi wa maabara hospitalini, mtu wa darubini na damu za watu, mtulivu, anayekohoa kwanza kabla ya kuingia mlangoni. Marekani walikipokea cheti chake, wakakigeuza mbele na nyuma, wakamrudishia. Akaishia ghalani Fort Worth, anapanga maboksi ya viatu vya watu asiowajua, na jioni mgongo unamuuma hata kuswali ni kazi.

Alijaribu kazi za maabara za serikali. Hospitali ya askari wastaafu ilimtaka raia. Nyingine ikamtaka raia. Nyingine haikumjibu, na yeye akajijibia. Zaki hakuwa raia. Alikuwa na kadi ya kijani aliyoipata kwa kumuoa Mashavu, mtoto wa Kimombasa aliyeletwa Houston angali na meno ya utoto, na raia kamili. Na hata kadi yenyewe ilikuwa ya masharti, ya miaka miwili, kwa sababu ndoa ilikuwa changa na serikali ilitaka kwanza kuona kama watu hawa wanapendana kweli au wanapendana kwa ajili ya kadi. Kabla miaka hiyo haijaisha, mume na mke wangetakiwa waombe pamoja, kwa saini mbili, masharti yaondolewe. Saini moja haitoshi.

Mlango pekee uliomfungukia ulikuwa wa jeshi, na aliyeufungua ni Sajini Gichuki, Mkenya mwenzake, mtu wa Nyeri, ofisi yake iko baina ya duka la donati na kinyozi.

"Jeshi inachukua hata mtu hana uraia, bora akuwe na green card," Gichuki alimwambia siku ya matokeo. "Na hawa watu wata-kutrain lab yao, free. Uraia yenyewe itakuja mbio. Shida ni moja tu, kaka. Kadi yako ni conditional na iko karibu ku-expire. Toa hizo masharti kwanza, ndio nikupeleke uapishwe. Nafasi ya lab nitakushikia, lakini siwezi shikilia milele."

Zaki alitoka pale akijiona tayari mbele ya darubini. Jeshi halikumpendeza kwa bunduki wala kwa bendera, lilimpendeza kwa sababu lingemrudishia mikono yake. Akalipita lile duka la donati, akarudi, akanunua keki.

Mashavu hakuitaka habari ya jeshi. Alikuwa nesi, na wodini kwake walilala vijana waliorudi kutoka vitani wakiamka usingizini wanapiga mayowe. Alisema, Zaki akajibu. Alisema tena, Zaki akamjibu kwa sauti. Ndugu zake Mashavu walikuwa na tabia ya kumtania Zaki kwamba anaishi kwa kadi ya mkewe, na Zaki alikuwa na tabia ya kucheka huku roho inamuuma. Siku ile Mashavu, kwa hasira na hofu, akalitoa lile la ndugu zake kinywani mwake mwenyewe.

"Unaenda wapi bila signature yangu? Hapa, legally, wewe ni mimi. Bila mimi huna hata anwani!"

Ni kweli aliyoisema, na ndiyo maana ilimchoma. Zaki akatazama kila pembe ya ile nyumba: mkataba wa nyumba una jina la Mashavu, gari lina jina la Mashavu, bima ya Mashavu, nchi ya Mashavu. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa chake peke yake, alichopewa tangu siku ya nikahi, na hakuna serikali iliyokuwa na habari nacho. Kikamtoka kama chafya.

"Basi nimekuacha. Talaka moja."

Mashavu hakulia. Alifunika wali, akaenda chumbani. Alfajiri alishika njia ya Houston kwa mama yake kukaa eda, ile miezi ambayo mume bado anaweza kumrejea, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakiachwa. Zaki alisimama barazani, akaitazama teksi ikimchukua. Alijuta kabla gari halijakata kona. Lakini mwanamume wa Kimombasa aliyejuta huchukua muda kuujulisha mdomo wake.

Sasa angalia upumbavu ulivyojipanga. Wiki ile ile Gichuki alimwita ofisini wajaze maelezo yake ya jeshi. Wakafika kwenye swali la ndoa. Gichuki akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"We ni married ama vipi?"

"Nilikuwa."

"Hiyo ni jibu gani?"

"Nimemwacha mke wangu, Sajini. Nimempa talaka."

"Courts walikupa karatasi?"

"Talaka haina karatasi. Ni neno. Ukilisema, limesemwa."

Gichuki alikuwa mtu wa kanisa, shemasi kabisa, na mambo haya hakuyajua. Alijikuna shavu. "Sikiza, Zaki. Jeshi ni ukweli. Mtu akishikwa na uongo kidogo tu, hata ya jina la shule, ameenda. Mimi siwezi kuandika divorced kama hakuna karatasi. Na siwezi kuandika muko pamoja kama bibi yako yuko Houston. Nitaandika separated. Wametengana. Hiyo ni ukweli?"

Zaki alifikiri kidogo. Mke yuko kwa mamake, yuko edani. Wametengana? Wametengana. Akasema ni kweli. Kilichofuata kinanikera mpaka leo: alitoka pale ameona fahari kidogo, kwamba ameweza kusema kweli hata ilipomdhalilisha.

Houston kulikuwa na Bi Intisar, mama yake Mashavu, mwanamke mwenye sauti ya chini na neno la mwisho. Hakumtukana mkwewe. Alimwachia akae na upweke wake, ale mikate ya dukani, kisha akamtuma nduguye Abdulsamad ampigie simu.

"Mwanangu," Abdulsamad alimwambia, "mke yumo edani, na mlango uko wazi. Unamtaka au humtaka?"

"Namtaka, Mjomba."

"Basi njoo uliseme hilo mbele ya watu."

Zaki alikwenda mbio. Kutoka Mansfield mpaka Houston ni mwendo wa kuchosha, barabara imenyooka haina hata kilima cha kumpumbaza mtu, na njia nzima alikuwa akijizoeza maneno ambayo hayahitaji mazoezi. Alipofika, wanaume wawili walikuwa wamekaa sebuleni, Abdulsamad na jirani yake. Zaki akatamka, "Nimemrejea mke wangu Mashavu." Wakasema alhamdulillahi. Pilau ikaletwa. Mashavu akatoka jikoni amejitanda, hakumtazama, lakini alimwekea paja la kuku kwenye sahani, na Zaki nusura alie mbele ya wazee.

Kwa sheria ya kwao, mambo yalikuwa yamekwisha. Ndoa ni ile ile, haikuhitaji nikahi mpya wala mahari mapya. Bi Intisar aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akainama dirishani.

"Yamekunjwa haya," alisema. "Asiyafungue mtu. Ya chumbani hayaendi sebuleni, na ya sebuleni hayaendi barabarani. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mama," walisema wote wawili.

Zaki alisikia, akajishughulisha na mkanda wa gari, kwa sababu yeye alikuwa ameshayafikisha barabarani, tena kwa sajini wa Nyeri. Angemwambia Mashavu palepale. Lakini angemwambiaje? Kwamba alipomwacha hakutosheka kumwacha, akaenda kumtangaza kwa mtu baki? Aibu ilimfunga mdomo. Akajiambia ni jambo dogo, ni neno moja kwenye kompyuta. Akawasha gari.

Waliweka saini zao mbili na kutuma maombi. Mashavu hakupinga tena jeshi. Alisema bora askari anayerudi nyumbani kuliko mtu wa ghala aliyekufa moyo. Alimpigia pasi suti ya usaili siku waliyoitwa na watu wa uhamiaji, akamwonyesha picha atakazobeba: harusi, Idi, safari ya ufukweni Galveston, Zaki amelala mdomo wazi kwenye kochi. Hakuna mume na mke waliowahi kuwa wa kweli kuliko wale wawili kwenye lifti ile, wakiwa wameshikana mikono mpaka viganja vinatoka jasho.

Wakawatenganisha. Kila mmoja chumba chake, kila mmoja akainua mkono akaapa kusema kweli.

Afisa wa Zaki alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, hakumkaripia hata mara moja. Alimuuliza rangi ya mapazia, nani anaamka kwanza, mamkwe anaitwa nani. Zaki akajibu mpaka akaanza kufurahia. Kisha yule bwana akauliza, bila kubadilisha sauti, kama wamewahi kutengana, hata kwa muda mfupi.

Zaki aliliona kichwani lile neno la kwenye kompyuta ya Gichuki. Alifikiri: serikali ni moja. Jeshi ni lao, uhamiaji ni wao, nikisema hapana hapa na ndiyo kule, nimekwisha. Na alikuwa ameapa. Akasema ndiyo. Akaeleza yote, talaka, eda, Houston, kurejea. Alieleza kwa Kiingereza chake cha maabara, kwa mpangilio, kama anayesoma majibu ya damu.

"Kuna hati ya mahakama ya talaka hiyo?" afisa aliuliza.

"Hakuna."

"Na hati ya kurudiana?"

"Hakuna. Kulikuwa na mashahidi wawili. Na pilau."

Afisa hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu.

Mashavu alimkuta kwenye ukumbi, uso unang'aa, akamvuta mkono mpaka kwenye gari. Hawajafunga milango akaanza.

"Babe, I was so good. Wameniuliza kama tuliwahi ku-separate. Afisa wangu, mama mmoja, akanikazia macho. Nikamwambia never. Hata usiku mmoja."

Zaki hakuwasha gari.

"Nini?" Mashavu akauliza. "Nimekusitiri, Zaki. Mama alisema. Nini?"

Ikabidi amwambie. Alimwambia ya Gichuki, ya swali la ndoa, ya neno alilolikubali, na ya chumba kile alichotoka sasa hivi. Alipokuwa akisema alimwona Mashavu akimsikiliza kwanza kwa mshangao, kisha kwa hofu, kisha kwa kitu kingine kilichomuumiza Zaki kuliko hofu.

"Ulimwambia mtu baki kwamba uliniacha," alisema taratibu. "Mimi sikumwambia hata rafiki yangu wodini."

Zaki alisema samahani. Akasema tena. Magari yalikuwa yanaingia na kutoka pale maegeshoni, familia nyingine zinashuka na albamu zao za picha, na yeye alitamani amshike mmoja wao amwambie akae na mkewe kwanza, waambizane kila kitu, kila kitu.

Walimtafuta Clothilde, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msaidizi wa mwanasheria mmoja Fort Worth. Alikuwa na miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Bon," alisema. "Papa, mama, musikilize. Mbele ya sheria ya Texas, mulikuwa bwana na bibi siku zote. Ile talaka yenu haiko. Kurudiana kwenu pia haiko. Kitu iko ni vinywa mbili, na vyote viliapa, na kila kimoja kinasema yake."

"Tuna mashahidi," Zaki alisema. "Mjomba Abdulsamad yuko tayari kuandika barua, na jirani yake pia, kwamba nilimrejea."

"Aandike? Papa, barua ya kusema ulimurudisha itasema pia ulimuacha. Itakusaidia weye, na itamuonyesha mama hapa alisema uongo chini ya kiapo. Unataka kumuchoma bibi yako?"

Zaki hakutaka. Alimtazama Mashavu, na Mashavu alikuwa anatazama mikono yake.

"Basi tufanye nini?" Zaki aliuliza.

"Kungoja. Labda watawaita tena, mueleze pamoja. Labda watakataa." Clothilde alishusha miwani. "Iko mulango ingine, lakini si ya kwenu. Ni ya mutu alioa na roho safi, kisha ndoa ikavunjika tribunal, ku mahakama, na karatasi. Ule anaomba peke yake."

"Peke yake?" Mashavu aliinua kichwa. "Mke haulizwi?"

"Mke hatie saini. Lakini ninasema si mulango yenu, mama. Ninyi munapendana, ninaona. Musicheze na ile."

Walingoja. Kadi ya Zaki iliisha muda wake, akabaki na barua ya kumwongezea muda, karatasi ambayo kila bosi aliitazama kwa jicho la pembeni. Walipouliza, walijibiwa kwamba faili liko kwenye uchunguzi. Waliuliza tena, wakapewa jibu lile lile, na jibu hilo huwezi kubishana nalo wala kulipigia magoti. Bi Intisar alipiga simu kila Ijumaa, sauti yake imepungua, maana alijua wosia wake ulikuwa umetekelezwa na mtu mmoja tu. Abdulsamad alisoma dua. Ndugu zake Mashavu waliacha utani, na Zaki akagundua anautamani ule utani.

Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, hiyo ndiyo shida. Afisa alifanya kazi yake. Gichuki alimfundisha kusema kweli. Mamkwe aliwafundisha sitara. Mke alimsitiri, Zaki mwenyewe akasema kweli, na yale mema yote yalipokutana ndani ya faili moja yakageuka uhalifu. Zaki alilala akiwaza hivyo, akaamka akiwaza hivyo, ghalani akapanga viatu vya kushoto boksi moja na vya kushoto mpaka msimamizi akampigia kelele.

Gichuki alipiga simu Jumamosi moja, Zaki anaosha gari.

"Kaka, nimejaribu. Nimewaambia huyu ni mtu poa, mngojeeni. Lakini ile nafasi ya lab wamepea mtu mwingine. Ukipata kadi kamili unicall, tuanze tena, sawa?"

"Sawa, Sajini."

"Na ningejua ile kitu nilikuandikia itakusumbua hivi..."

"Ulichoandika ni kweli," Zaki alisema, akashukuru, akakata simu. Alimalizia kuosha gari, hata magurudumu, kwa sababu maji yalikuwa bado yanatoka na hakujua kitu kingine cha kufanya na ile mikono. Alipoingia ndani macho yalikuwa mekundu, na hakuyaficha.

Mashavu alikuwa amesikia kupitia dirishani. Alipakua wali, akaweka sahani mbili, wakakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nimefikiri sana," Mashavu alisema. "Katika faili lile, mwongo ni mimi. Wewe ulisema kweli. Ukiomba peke yako, bila mimi, itabaki kweli yako tu."

"Mashavu, nyamaza."

"Yule mama wa Kikongo alisema mlango upo."

"Alisema si wetu."

"Si wetu kwa sababu hatujaachana kwao. Basi tuachane kwao." Alisukuma sahani pembeni. "Siku ile ulilisema bila kuombwa. Leo naliomba mimi. Twende mahakamani, upate karatasi yako, upate kadi, upate maabara yako. Mimi nitakaa kwa Mama. Nitakaa hata ukiwa hurudi."

"Na ukiniacha uende, halafu wakatae pia?"

"Basi utakuwa umejaribu. Hapa unakufa taratibu, nakuona."

Zaki alitaka kusema hapana. Alitaka pia, na hili lilimtia hofu, kusema ndiyo. Aliuona mlango wa maabara, na akauona uso huu ulio mbele yake, na hakuwa na nguvu ya kwenda upande wowote. Alifungua mdomo wake, ule mdomo uliokuwa mwepesi siku ile kwenye meza hii hii, na hakikutoka kitu.

"Sema," Mashavu alimsihi, huku ameukamata mkono wake kwa mikono yake miwili, haachii. "Sema, Zaki."